Imarisha mabega yako bila kunyanyua vitu vizito

UKURASA WA AFYA

Mkulima anaponoa jembe lake kabla ya mvua hakuna anayemshangaa. Kila mtu anajua kwamba jembe butu huchelewesha kazi na kumchosha mwenye nalo. Lakini ni wachache wanaokumbuka kulitayarisha bega litakaloliinua jembe hilo. Mvua za kwanza zikinyesha, mtu ambaye kiangazi kizima hakushika jembe huingia shambani alfajiri, akalima mpaka jua la utosi, siku tano au sita mfululizo. Wiki ya pili anaanza kulalamika. Bega linauma, usiku hapati usingizi, mkono hauinuki kufika kichwani. Kazi inasimama wakati ule ule ambao haikupaswa kusimama.

Leo tutaeleza jinsi ya kuimarisha mabega bila kunyanyua vyuma wala mizigo mizito. Mazoezi haya hayana gharama. Vifaa vyake ni ukuta, mpini wa jembe, mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa na chupa ya maji. Yanawafaa vijana, watu wazima na wazee, wanawake kwa wanaume.

BEGA LIMEUMBWAJE?

Bega si kiungo kama vingine. Tazama nyonga. Pale kichwa cha mfupa wa paja kimeingia ndani ya shimo, kama yai ndani ya kikombe. Nyonga ni imara lakini haigeuki kwa uhuru kama bega. Bega ni tofauti. Kichwa cha mfupa wa mkono kimeegemea mahali padogo pasipo na kina kwenye kombe la bega, kama chungwa juu ya kisosi. Kwa sababu hiyo tunaweza kuuzungusha mkono mbele, nyuma, juu na pembeni, tukasuka nywele, tukarusha nyavu na kujisugua mgongo.

Sasa, chungwa hilo halianguki kwa nini? Linashikwa na misuli. Kuna misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe la bega na kukizunguka kichwa cha mfupa wa mkono. Kazi yake ni kukivuta kichwa hicho kikae katikati ya kisosi wakati mkono unapofanya kazi. Juu yake kuna misuli mikubwa ya bega, kifua na mgongo, ambayo ndiyo inayoonekana kwa macho. Misuli mikubwa ikiwa na nguvu na ile midogo ikiwa dhaifu, mfupa husogea vibaya. Hapo kano za misuli midogo hulemewa, zikaanza kuuma.

Kumbuka jambo hili, kwa maana ndilo msingi wa makala haya: usalama wa bega unategemea misuli midogo, na misuli midogo haihitaji mzigo mzito ili iimarike. Inahitaji mzigo mdogo, mwendo sahihi na kurudiarudia.

JE, KAZI ZA KILA SIKU HAZITOSHI?

Watu wengi huuliza: "Mimi nalima, natwanga, nachota maji. Mazoezi ya nini tena?" Swali hili ni la haki, na lina majibu mawili.

Kwanza, karibu kazi zetu zote hufanyika mbele ya mwili. Jembe huinuliwa mbele na kushuka mbele. Mchi vivyo hivyo. Mvuvi huvuta nyavu kutoka mbele. Misuli ya kifua na ya mbele ya bega hufanya kazi siku nzima. Lakini misuli inayouzungusha mkono kuelekea nje, na ile inayovuta makombe ya bega kurudi nyuma, hupata kazi kidogo. Mwili unakuwa kama mtumbwi wenye wapiga makasia wa upande mmoja tu.

Pili, kazi haina kipimo. Shamba halimwulizi mtu kama bega lake limechoka. Zoezi, kwa upande mwingine, lina kipimo. Unaanza kidogo, unaongeza polepole, na unapumzika kwa wakati wake.

Tufanye hesabu ndogo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Mama anayekwenda kisimani mara nne kwa siku ameinua kilo 80. Ukimwambia mama huyo anyanyue vitu vizito zaidi ili mabega yake yapate nguvu, ni sawa na kumwongezea punda magunia ili apumzike.

VIJANA NA VYUMA VYA SARUJI

Katika vijiji vingi vijana hujaza saruji katika makopo mawili, wakayaunganisha kwa bomba la chuma, wakanyanyua asubuhi na jioni. Nia yao ni njema. Kijana anayefanya mazoezi ni bora kuliko anayekaa kilabuni. Lakini vyuma hivyo vina hatari zake. Mara nyingi upande mmoja ni mzito kuliko mwingine. Tena hakuna njia ya kuanza na kilo mbili, kisha tatu, kisha nne, kwa sababu kopo likishajazwa halipungui. Zaidi ya hayo, wengi hufanya mazoezi ya kifua tu ili waonekane wamejaa mbele, wakausahau mgongo.

Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba msuli unaweza kukua kwa mzigo mwepesi karibu sawa na kwa mzigo mzito, mradi zoezi lirudiwe mpaka msuli uchoke kwelikweli. Anayejiandaa kwa mashindano ya kunyanyua uzito ndiye anayehitaji uzito mkubwa. Mkulima, mvuvi, fundi cherehani na mwalimu hawauhitaji.

MKONO UKIFUNGWA MUDA MREFU

Liko kosa jingine lililo kinyume cha hilo, nalo huleta madhara makubwa. Ni kuuogopa mkono unaouma na kuacha kabisa kuutumia.

Mama mmoja mwenye umri wa miaka 52 alifika zahanati akiwa ameufunga mkono wa kulia kwa kanga, umening'inia shingoni. Alisema bega lilianza kuuma wakati wa palizi, na jirani akamshauri asiuguse mkono huo mpaka upone. Ilikuwa imepita miezi miwili. Alipofungua kanga, mkono haukuinuka hata kufika usawa wa bega. Alikuwa hawezi kufunga kilemba, wala kufikia mgongo wake akioga. Binti yake alikuwa ameacha kwenda shule siku za kuchota maji. Wengine nyumbani walikwisha kumwambia kwamba amerogwa.

Hakuwa amerogwa. Mfuko mwembamba unaozunguka kiungo cha bega ulikuwa umekakamaa na kusinyaa. Hali hii huwapata zaidi watu wenye umri wa miaka 40 hadi 60, na wanawake zaidi kidogo kuliko wanaume. Mwaka 1934 daktari mmoja wa upasuaji wa Boston, Marekani, Ernest Codman, aliiita hali hiyo bega lililoganda. Mara nyingine huanza yenyewe bila sababu kujulikana, na mara nyingine hufuata mkono kukaa muda mrefu bila kujongea. Watu wenye ugonjwa wa kisukari huipata mara nyingi zaidi kuliko wengine. Kwa hiyo mtu ambaye bega lake linakakamaa bila kuumia popote yafaa apimwe sukari. Mama huyo alipimwa, na sukari yake ilikuwa juu. Hakujua.

Alianza mazoezi mepesi ya kila siku, pamoja na matibabu ya kisukari. Bega la namna hii haliponi kwa wiki moja. Huweza kuchukua mwaka mmoja au hata zaidi. Baada ya miezi mitano aliweza kufunga kilemba chake mwenyewe, na binti alikuwa amerudi shule siku zote. Mkono bado haukufika mgongoni vizuri, lakini ulikuwa mkono wa kazi tena.

Basi, bega linapoanza kuuma, lipumzishe siku mbili au tatu kwa kuacha ile kazi iliyoliumiza, lakini usiache kuujongeza mkono taratibu.

FAIDA ZA MAZOEZI MEPESI

1. Bega hubaki jepesi, mkono ukafika juu, nyuma na pembeni.
2. Misuli midogo hupata nguvu ya kulinda kiungo.
3. Mgongo na shingo hunyooka, hasa kwa mafundi cherehani, wanafunzi na makarani wanaoinama muda mrefu.
4. Maumivu mengi ya kano za bega hupungua. Kwa wagonjwa walio wengi wa aina hii, mazoezi ndiyo tiba ya kwanza kabla ya kufikiria upasuaji.
5. Mtu anaendelea kufanya kazi zake na kujihudumia mwenyewe anapozeeka.

MAZOEZI YENYEWE

Anza kwa kuupasha mwili moto. Tembea kwa haraka dakika tano, kisha inua mabega juu na kuyashusha mara kumi.

Zoezi la 1: Bembea. Inama mbele, egemeza mkono mzima juu ya meza au kiti. Uache mkono wa pili uning'inie kama kamba. Uzungushe duara ndogo kwa kuyumbisha mwili wako, si kwa nguvu ya bega. Fanya dakika moja, kisha ubadilishe upande wa kuzunguka. Zoezi hili lamfaa sana mwenye maumivu.

Zoezi la 2: Kupanda ukuta. Simama ukiutazama ukuta. Weka vidole ukutani usawa wa kiuno, kisha vipandishe kidogo kidogo kama buibui, mpaka pale unapohisi mkono umekaza. Hesabu mpaka tano, kisha shuka taratibu. Rudia mara kumi. Weka alama ya mkaa mahali ulipofika. Kila wiki tazama kama umeipita alama hiyo. Hata asiyejua kusoma ataona maendeleo yake ukutani.

Zoezi la 3: Mpini. Lala chali juu ya mkeka. Shika mpini wa jembe uliotolewa jembe lake kwa mikono miwili. Unyanyue polepole kuelekea nyuma ya kichwa, mkono mzima ukiusaidia ule unaouma. Rudisha. Fanya mara kumi.

Zoezi la 4: Kubana makombe. Kaa wima kwenye kigoda. Yavute makombe ya bega nyuma na chini kidogo, kana kwamba unataka kubana bua la mtama katikati yake. Usiinue mabega kuelekea masikioni. Hesabu mpaka tano, achia. Rudia mara kumi. Fundi anaweza kulifanya zoezi hili hapo hapo kwenye cherehani yake.

Zoezi la 5: Kusukuma ukuta. Simama hatua moja kutoka ukutani. Weka viganja ukutani usawa wa kifua. Kunja viwiko mpaka kifua kikaribie ukuta, kisha jisukume kurudi. Viwiko vikishanyooka, sukuma kidogo tena mpaka makombe ya bega yasogee mbele. Fanya mara nane hadi kumi na mbili. Ukizoea, rudisha miguu nyuma zaidi.

Zoezi la 6: Kuvuta mpira. Kata ukanda mrefu wa mpira wa ndani wa baiskeli, uufunge kwenye nguzo imara usawa wa kiwiko. Simama ubavu ukielekea nguzo, na ushike mpira kwa mkono ulio mbali na nguzo. Kunja kiwiko, kibane ubavuni kwa kuweka kitambaa kilichokunjwa kwapani. Sasa vuta mpira kuelekea nje bila kuachia kitambaa kianguke, kisha urudi taratibu. Hili ndilo zoezi la ile misuli midogo isiyopata kazi shambani. Fanya mara kumi hadi kumi na tano, kisha geuka ufanye mkono wa pili. Halafu uelekee nguzo, ushike ncha mbili za mpira, uvute viwiko nyuma kama mtu anayepiga kasia. Fanya idadi ile ile.

Zoezi la 7: Chupa. Jaza maji katika chupa ya nusu lita. Simama wima, kidole gumba kikielekea juu. Inua mkono kwa pembeni, ukiuelekeza mbele kidogo, mpaka usawa wa bega tu. Shusha polepole kuliko ulivyoinua. Fanya mara kumi. Chupa hiyo ina nusu kilo tu, lakini ukifanya sawasawa utaona jinsi bega linavyochoka.

KIASI GANI KINATOSHA?

Mazoezi ya kujongeza bega, yaani la 1 mpaka la 4, yaweza kufanywa kila siku. Mazoezi ya nguvu, yaani la 5 mpaka la 7, yafanywe siku mbili au tatu kwa wiki, ukipumzika siku moja katikati. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima waimarishe misuli yao angalau siku mbili kwa wiki.

Anza na mzunguko mmoja wa kila zoezi. Baada ya wiki mbili fanya miwili, kisha mitatu. Usitegemee kuona mabadiliko makubwa kabla ya wiki sita. Kwa hiyo mkulima anayengoja mvua aanze mapema, wakati bado anatayarisha mbegu.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi si hatari, mradi yaishe siku ile ile. Lakini kama yanakuzuia kulala, au asubuhi yake bega linauma kuliko jana, ulizidisha. Punguza nusu, usiache kabisa.

KAZI ZETU NAZO TUZIREKEBISHE

Haifai kuimarisha bega asubuhi na kuliharibu mchana. Usijitwike ndoo peke yako kama yupo mtu wa kukutwisha. Ndoo ikiwa nzito, chota nusu na uende mara mbili. Badilisha mkono unapobeba dumu. Siku za mwanzo za kulima, lima saa chache, kisha ongeza.

Tena tuseme kweli: mara nyingi ndoo huachiwa wanawake na watoto wa kike. Baba au kijana mwenye baiskeli akileta madumu mawili jioni, atakuwa amelitibu bega la mama kuliko dawa yoyote.

NENDA ZAHANATI HARAKA UKIONA HAYA

- Bega limeteguka au limebadilika umbo baada ya kuanguka. Usikubali mtu alivute. Hapa ndipo mkono unapofungwa kwa kanga, na mgonjwa apelekwe hospitali haraka.
- Maumivu ya bega au mkono yakiambatana na kifua kubana, jasho jingi au kushindwa kupumua. Huenda ni ugonjwa wa moyo.
- Bega limevimba, lina moto, na mgonjwa ana homa.
- Mkono umekufa ganzi au umelegea ghafla.
- Maumivu yasiyopungua usiku wala mchana, pamoja na kukonda au kikohozi cha wiki mbili na zaidi.

Usinunue vidonge vya maumivu dukani na kuvimeza kwa wiki nyingi. Baadhi yake hudhuru tumbo na figo. Wenye vidonda vya tumbo, wenye shinikizo la damu na wajawazito wamwulize mganga kwanza. Kuchanja chale begani nako hakulegezi mfuko wa kiungo uliokakamaa, bali huweza kuingiza vijidudu.

TUFANYE KWA PAMOJA

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili nchini Tanzania walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Waliona kwamba jambo la afya likifanywa na kikundi halisahauliki upesi. Mazoezi ya mabega nayo ni hivyo hivyo. Darasa la kisomo laweza kufanya zoezi la 4 kabla ya kufungua vitabu. Kikundi cha akina mama chaweza kufunga mpira mmoja kwenye mti wa kivulini na kupokezana.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni kazi zipi hapa kijijini zinazochosha mabega zaidi? Nani huzifanya?
2. Kwa nini kulima peke yake hakutoshi kuimarisha bega?
3. Kuna ubaya gani kuufunga mkono unaouma kwa muda mrefu? Ni wakati gani inafaa kuufunga?
4. Inua mikono yote miwili juu, kisha ipeleke mgongoni. Je, inafika sawa? Kama haifiki, utaanza na zoezi lipi?
5. Katika nyumba yako, mnaweza kuigawaje kazi ya kuchota maji?

Baada ya kujadili, kila mwanakikundi aweke alama yake ya mkaa ukutani na kuandika tarehe. Baada ya wiki sita mkutane tena mahali pale pale mzipime.